Kodi Ipi?

Mwanangu Nasra,

Umetoka kwenda kuagana na shoga zako, nyumba imebaki na mie na sanduku lako. Nimekaa mezani pale pa kwako, cherehani nimeisogeza pembeni, naandika. Kwa Kiswahili, ndiyo. Najua utaisoma polepole, kidole juu ya mstari kama ulivyokuwa ukisoma juzuu chuoni, lakini utaisoma. Haya siwezi kuyasema kwa Kiingereza changu cha dukani. Kile kinatosha kuuzia mapazia tu.

Sikuandikii habari za kula wala za kuvaa koti. Hayo nimeshayasema mpaka umejitia vile visikilizio vyako masikioni. Naandika kukujibu. Ijumaa, Ami Badru alipotoka mlangoni kwetu, ulishuka ngazi ukaniambia kwamba mzee wa watu amechoka, anakwenda umra, na msafiri wa huko akiomba radhi hanyimwi. Ukasema kabla hujapanda basi la Newcastle ungependa kuniona nimemsamehe. Nikakwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Nimefikiri juu ya msala, nimefikiri nikikunja pindo za mapazia ya watu. Usinikumbushe kwamba kusamehe ni bora, najua, nimefundishwa hilo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Lakini wewe ulisikia mwisho tu wa maneno yetu, ukiwa pale juu ya ngazi. Mwanzo wake ulikuwa mdogo kuuelewa, na katikati yake nimekuficha. Basi soma kwanza, halafu ndipo uniambie mimi mgumu wa moyo.

Baba yako, Mungu amrehemu, alipotutoka, sikuwa na mtu hapa Birmingham isipokuwa wewe mgongoni na cherehani hii. Badru ndiye aliyetupa nyumba ya Saltley, ile ya mlango wa kijani. Alikuwa nazo kadhaa mtaa ule, zimebanana ukuta kwa ukuta, na yeye mwenyewe akikaa Great Barr kwenye nyumba yenye bustani mbele na nyuma. Mtu wa kwetu Unguja, anamjua mpaka bibi yangu. Kiingereza chake kama cha redio. Alikuja na funguo, akasimama jikoni, akatazama sufuria zangu, akasema, "Shemeji, mambo ya kodi yasikupe homa. Wewe unanipa kodi, na kodi mie nalipa. Kichwa chako kilale."

Niliona nimepata ndugu. Maneno yale niliyaelewa kama ambavyo ungeyaelewa wewe kama ungekuwa Mswahili wa kusikia kwa moyo. Nampa kodi ya kukaa nyumba yake, na ile kodi ya baraza la mji, ya taka na taa na skuli, analipa yeye. Sisi kwetu zote mbili ni kodi. Kila mwezi nikampa, na shukrani juu. Barua za baraza zikija, siku zile kusoma kwangu Kiingereza ilikuwa mtihani, nampelekea zikiwa zimefungwa, na yeye anazitia mfukoni. "Nipe mie, shemeji." Hata sahani ya biriani nilikuwa nampelekea, sikukuu kwa sikukuu.

Sasa njoo kwenye ule mkutano. Huu unaukumbuka, najua unaukumbuka, ingawa Ijumaa uliniambia umesahau.

Ulikuwa darasa la mwisho la skuli ya msingi. Baraza lilikuwa na pendekezo la kupandisha kodi yake, na watu wake wakaja kwenye ukumbi wa skuli yenu kutueleza. Walisema isipopanda, kuna mambo ya watoto yatafungwa: gari linalowachukua watoto walemavu, yule mama wa koti la manjano anayewavusha barabara, na kile chumba cha kusomea baada ya skuli, ambacho wewe ulikuwa hutoki mpaka wazime taa. Kijana wa baraza akachora nyumba ubaoni, ndogo mpaka kubwa, kila moja na herufi yake. A ni zile kama zetu za Saltley. Herufi zikipanda, thamani ya nyumba inapanda na kodi inapanda. Pendekezo likipita, kila herufi itaongezwa, nyumba ndogo kidogo, nyumba kubwa zaidi. Leo naweza kukuchorea. Siku ile niliona nyumba na alfabeti.

Mkalimani wetu alikuwa Badru, kasimama mbele na kofia ya vito. Sisi Waswahili tumekaa mstari mmoja, na wewe umebanwa kati yangu na Mama Furaha. Kijana yule akisema maneno mengi, Badru anasema machache.

"Wanasema kodi ya nyumba itapanda, kwa ajili ya skuli. Wanataka mkubali."

Mstari mzima ukaguna. Nusu ya wale wanawake wamekaa nyumba zake, na kila mmoja akaona mwezi ujao anaongezwa pango kwa sababu mwalimu mkuu anataka vitabu vipya.

Ndipo uliponivuta ushungi. Siku hizo ulikuwa unasema nami Kiswahili, kile cha kuchekesha, unaweka "ki" kila mahali. Ukaninong'oneza, lakini wewe kunong'ona hujawahi kujua. "Mama, sivyo alivyosema. Yule kasema council tax. Hajasema rent. Sio kitu kimoja."

Badru akasikia. Akatabasamu. "Naona leo tuna mkalimani mdogo," akasema, na watu wakacheka. Kisha akaniangalia mimi. "Shemeji, adabu kwanza, Kiingereza baadaye."

Nikakufinya paja. Unajua nilivyokufinya. Mkutano ulipokwisha nikakushika mkono mbele ya watu, nikakupeleka kwake, nikakwambia mbusu ami mkono, mwombe msamaha. Ulimtazama. Ukanitazama mimi. Ukambusu. Halafu ukafuta mdomo kwa mkono wa sweta, na hata hilo nikakukemea.

Tangu siku ile, Nasra, ukawa unanijibu kwa Kiingereza. Watu husema watoto waliozaliwa Birmingham ndivyo walivyo wote, wanasikia lugha na hawaijibu. Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo kwa watu, nacheka. "Watoto wa siku hizi." Lakini wale wengine walikiacha kidogo kidogo. Wewe ulikiweka chini kwa siku moja, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Na mkono wa mtu hujabusu tena. Bibi yako alipokuja kutuona kutoka Unguja, ulimkumbatia mpaka kofia ya baridi ikamdondoka, ila mkono wake hukuubusu. Akaniuliza mtoto kafunzwa nini huku. Nikamwambia baridi. Usiniambie umesahau.

Wiki haikuisha, Badru akapita nyumba kwa nyumba. "Ndiyo lile la skuli, shemeji. Mlisikia kwa masikio yenu." Pango likapanda. Na sisi kwa ujinga wetu tukailaani skuli. Mwalimu mkuu wenu, yule mwanamke mrefu wa baiskeli, akinisalimia getini namgeuzia uso. Kule ukumbini walipoomba mikono ya wanaokubali, mstari wetu mzima ulikuwa umeifungia mikono ndani ya makanga. Kisha tukatoa watoto kwenye chumba cha kusomea, mmoja mmoja, kama watu waliogoma. Na mimi nilikutoa. Ulilia kwa siku mbili tatu, nami nikasema, "Ikiwa wao wametupandishia kodi, basi hawakupati wewe." Baadaye chumba kikafungwa. Sisemi kilifungwa kwa sababu yetu. Nasema kilipokuwa kinapigwa kufuli, sisi tulikuwa nje, tunacheka.

Halafu asubuhi moja, unakaribia kwenda skuli, akaja mtu wa kudai madeni kwa amri ya mahakama. Ana kamera kifuani kama jicho la tatu. Mimi mlangoni na unga mikononi, namwambia kwa Kiswahili, kana kwamba atanielewa nikipaza sauti, "Kodi nimelipa! Kodi sidaiwi!" Na wewe nyuma yangu na mkoba wako.

"He says it's council tax, Mum."

"Mwambie nampa Ami Badru kila mwezi."

"That's rent, Mum." Ukalisema taratibu, kama unaongea na mtoto. "Nilikwambia" hukusema. Ungesema, ningepumua.

Hiyo ndiyo siku niliyojua. Nilikuwa nimempa mtu kodi yangu, na kodi ya baraza imekaa miaka hailipwi, kwa jina langu. Na kule skuli walikotaka kodi ya baraza iongezwe kidogo kwa ajili yenu, nilikataa nikidhani ni ile nyingine. Kumbe ile nyingine ilipanda bila mtu kuniomba mkono.

Haya, sasa nakwambia nilichokuficha.

Nilimfuata Badru. Sikwenda kwake Great Barr, nilijua nitaona bustani nitie moto. Nilimkuta Alum Rock, nje ya duka la mboga, anachagua bamia. Anavunja ncha ya kila moja kuona kama laini, anazirudisha zile alizozivunja. Nikamwambia yote palepale. Wanawake wanapita na mikoba yao, wanatazama. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kama tabibu.

"Shemeji, mie nilikwambia kodi nalipa. Na kweli nalipa. Kodi ya nyumba yangu, kwangu Great Barr, na herufi yake ni kubwa kuliko yako."

"Ulijua nimeelewa nini."

"Ya moyoni kwako nitayajuaje? Kiswahili changu ni safi. Lipo neno pango, lipo neno kodi, mwenyewe hukuchagua." Akavunja bamia. "Nilisema kodi. Hukuuliza ipi."

Akacheka, Nasra. Akanipa na bamia, kiganja kizima. "Chukua ukapike, upoe." Nikazichukua, maana nilikuwa bado sijajua kukataa kitu cha mkubwa. Nikaenda nazo mpaka njia panda nikazimwaga kwenye pipa.

Nikarudi, nikaswali. Watu watakwambia mama yako mcha Mungu, na mimi naogopa Mungu kweli, lakini nikwambie nilichoomba siku ile. Sikuomba apatwe na baya. Sikuomba augue wala nyumba zake ziungue. Niliomba nipewe siku. Siku moja tu, yeye yuko mbele za watu na mie nipo. Nikaomba hivyo kila baada ya swala, mpaka ikawa kama uradi. Deni la baraza nikalilipa kidogo kidogo, tukahama nyumba yake, nikaingia lile darasa la Kiingereza la maktaba pamoja na Mama Furaha. Na kila nikijifunza neno, najifunza kwa ajili yake. Wenzangu wanajifunza kumuuliza daktari. Mimi najifunza herufi A mpaka H, nani analipa, mkaazi au mwenye nyumba, ikipanda nani anaongezewa.

Mama Furaha ndiye pekee niliyemwambia. Unamjua, Mkongo, hana subira na Uswahili wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga mikono.

"Mama Nasra, sisi kwetu tunasemaka loyer ya nyumba, na taxe ya leta, ya serikali. Ni bitu mbili. Swahili yenu ya mzuri-mzuri ile iko na neno moja ya wizi mbili!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka jambo lile.

Siku yangu ikaja baridi iliyopita. Ile unaijua, ulikuwapo, ila hujui nilivyoingia mle. Uliniambia unakuja tu kwa sababu shoga yako anakusanya sahihi, nami nikakwambia nakuja kusikiliza. Uongo. Nilikuwa nimeoga na kujifukiza udi kama bi harusi.

Ukumbi uleule. Kodi ya baraza inapanda tena, mara hii sana, na mambo ya watoto yanafungwa hata hivyo, na watu wamekasirika vyema. Mbele kasimama Badru, kofia ileile, amezeeka kidogo. Jioni ile alikuwa anataka mawili: kutafsiri, na kuchaguliwa kwenye kamati ya skuli, awe msemaji wetu. Mwanamke wa baraza akaeleza. Badru akatugeukia.

"Ndugu zangu, wanasema kodi itapanda."

Nikanyoosha mkono. "Samahani, Ami. Kodi ipi?"

Akanitazama. Sidhani alinitambua mara moja. "Kodi, shemeji. Ya nyumba."

"Ya nyumba najua. Ya pango au ya baraza?"

"Tutakuja kwenye maswali." Akageuka. "Na sehemu ya kodi hii itakwenda—"

"Ipi, Ami?"

Watu wakaanza kugeuka. Akafuta paji la uso. "Hii ninayoisema."

"Ndiyo hiyohiyo nauliza."

Mama Furaha akadakia kutoka upande wa pili, sauti yake unaijua. "Iko gani, mzee? Loyer ao taxe? Chagula moja!" Na yule Msomali wa Nairobi mwenye duka la viatu, ambaye hata hakai nyumba ya Badru, akasema nyuma kabisa, "Si umwambie mama ni gani, mzee. Ni swali rahisi."

Nilikuwa bado nimesimama, na nilikuwa karibu kukaa. Unajua mimi. Nilikuwa nimeona inatosha, nimemchoma kidogo, nirudi nyumbani. Ndipo nikakusikia wewe, umeegemea mlango wa pembeni na karatasi zako za sahihi.

"Mama, muulize tena."

Kwa Kiswahili. Maneno matatu. Sikugeuka, maana ningegeuka ningelia, na sikwenda mle kulia. Nikamuuliza tena. Nikamuuliza kila alipofungua mdomo. Mwishowe mwanamke wa baraza akauliza kuna tatizo gani, na ni wewe uliyekwenda mbele ukaeleza ukumbi mzima, Kiingereza kwanza kisha Kiswahili chako cha kuchekesha: hii ni kodi ya baraza, haina uhusiano na pango la mtu, na mwenye nyumba akikwambia pango limepanda kwa amri ya skuli, muulize amri iko wapi. Niliona wanawake wa mstari ule wanatazamana. Niliona mmoja anahesabu kwa vidole. Badru akaondoka chai haijamiminwa. Kamati haikumchagua, na hakuna aliyempendekeza.

Halafu nikala matunda yake, mwanangu, na sikuficha. Ukitaka kujua kama nilijuta, sikujuta hata kidogo. Kule msikitini wanamwita Ami Ipi. Akiomba chai, kuna mchekeshaji atasema, "Ipi, Ami, ya maziwa au kavu?" Watoto wa chuo wakimwona wanamuulizia "ipi?" na kukimbia. Wapangaji wake wakaanza kumtaka aandike kila kitu, kodi ya nani na ya nini. Kila habari ikinifikia naifunika na kitambaa kama mkate wa moto, niile peke yangu baadaye. Usiku mmoja wa Ramadhani niliomba Mungu aniondolee ile ladha. Nikasikia nafsi yangu inaongeza: sio leo.

Basi Ijumaa akaja.

Ulikuwa juu unafunga sanduku. Alikaa ukingoni mwa kiti, na boksi la halua gotini, kakonda. Akasema anakwenda umra, hajui kama atarudi na afya, amekuja kuomba radhi. "Nisamehe deni langu, shemeji."

Nami nikamuuliza, unajua nilichomuuliza. "Deni lipi, Ami?"

Alifumba macho. Alijua anastahili. "La pango," akasema. "Nilipowaongeza kwa jina la skuli. Na la baraza, nilipokuacha uamini. Nilijua ulivyoelewa. Nilijua tangu siku ya funguo."

Akalisema. Miaka yote nilidhani nikilisikia nitapiga vigelegele. Nikajiona nimechoka tu. Nikamwambia, "Hilo nimekusamehe. Mungu shahidi. Duniani na akhera sikudai." Na ni kweli, Nasra. Lilitoka kama jino bovu.

Akainuka, uso umemfunguka, akaniwekea halua mezani. Nikamwambia, "Kaa, Ami. Limebaki moja."

Na yeye, wallahi, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akaniuliza: "Lipi?"

Nikamwambia, "La mwanangu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta miwani. "Mwanao? Mwanao nimemfanya nini? Mtoto gani?"

Hakumbuki. Nikamweleza, ukumbi, mkalimani mdogo, adabu kwanza, mkono. Akatikisa kichwa. Hakuwa anadanganya, ndilo lililonikata. Mtoto alisema kweli mbele ya watu wazima, akafinywa, akabusishwa mkono wa mwongo, akaiacha lugha ya mama yake mlangoni pa ukumbi, na mwenye mkono hata hakumbuki. Akasema, "Watoto husahau, shemeji. Nisamehe na hilo, basi, likiwapo."

Likiwapo.

Hapo ndipo uliposikia wewe, nikimwambia aende umra na lake. Na halua yake ile, ambayo uliniuliza kwa nini nimempa Mama Furaha yote, ni kwa sababu hiyo.

Sasa jibu langu. Lile la fedha limekwisha. La pili sikumpa, na sitampa, kwa sababu si langu. Siwezi kusamehe kwa mdomo wangu kitu kilichoingia paja lako. Na wewe Ijumaa ulitaka kulisamehe kwa upesi, kwa Kiingereza, ili mama yako aonekane mwema na mzee asafiri. Hapana, mwanangu. Huko unakokwenda utakutana na watu wengi wa aina yake, wenye lugha safi, na watapenda sana usahau mapema. Usifanye haraka kwa ajili yao.

Leo baada ya Adhuhuri nilimpigia simu. Nikamwambia kesho basi lako linaondoka stesheni ya Digbeth, saa nikampa. Nikamwambia anachotakiwa kusema ni maneno matatu, na ayaseme mbele za watu kama alivyosema yale mengine: "Nasra, ulisema kweli." Akaniuliza kama hawezi kuyasema kwenye simu. Nikamwambia hawezi. Akasema miguu inamuuma. Nikamwambia na paja liliuma.

Sijui kama atakuja. Asipokuja, atakwenda kuizunguka Kaaba na hilo, na mimi sitakosa usingizi. Akija, utamwona, mzee wa kofia amesimama karibu na mashine za tiketi hajui mikono aiweke wapi. Usimkimbilie. Usimsaidie kwa tabasamu lako lile la kuwaonea watu huruma. Mwache atafute maneno. Akikwepa, akaanza habari za safari njema na dua, akasema tu "nisamehe, mwanangu", wewe muulize lipi. Kwa Kiswahili. Nitakuwa nyuma yako na sanduku, safari hii sitakuvuta.

Kisha akiondoka, kabla hujapanda, kuna mtu mwingine pale stesheni mwenye deni lako. Vidole vilikuwa vyangu, si vyake. Yeye alisema adabu, aliyekupeleka mbele kwa mkono ni mimi. Nimemtesa yule mzee kwa mambo ambayo nusu yake niliyafanya mwenyewe, na bado sijutii ile nusu yake. Lakini yangu naijua, naikumbuka yote, na mahali. Sikuombi radhi humu karatasini, karatasi haina uso. Nitakuomba kesho.

Na nikikuomba, usiseme "it's fine, Mum". Niulize ipi.

Mama yako